Baiskeli ya Mzee Wangu na Mifuko Minane

Nilipanda baiskeli mara ya kwanza nikiwa nimeshavuka miaka sitini, na sikuipanda kwa raha. Mahindi yetu yalikuwa shambani, mifuko minane, na hapakuwa na mtu wa kuyaleta nyumbani.

Shamba liko kwenye njia ya Mwadingusha, chini kwenye bonde la Lufira, karibu kilomita thelathini kutoka kwetu Kikula, mtaa wa mji wa Likasi. Miaka yote mzee wangu, mume wangu, ndiye aliyekuwa anayaleta, kwa baiskeli, pamoja na kundi la watu wa makala, ndiyo makaa ya kupikia. Wale ni wanaume kumi na watatu. Wanaondoka Kikula alfajiri na baiskeli tupu, wanashuka bondeni, wanafunga mizigo yao, wanapanda kurudi, na kabla jua halijazama wako sokoni. Siku mbili wanapumzika na kuuza, siku ya tatu wanaenda tena. Majina yao yote ninayo kichwani, na ya wake zao, na ya wawili waliokufa tangu hapo. Sitayaandika hapa, sikuwaomba ruhusa.

Mwezi wa tano mzee alianguka uani akitoka kutawadha. Upande wa kuume ukafa, na maneno yakawa yanatoka nusu. Tukabaki yeye, mimi, na watoto watatu wa binti yetu marehemu. Malori hayakuwa yanapita njia ile, daraja dogo lilikuwa limechukuliwa na mvua, na juu ya magogo waliyoweka watu ilivuka miguu na baiskeli tu. Nilimwendea mmoja wa wale wa makala, nikamwomba anibebee. Akasema atabeba, lakini nusu iwe yake. Nilirudi nyumbani nikahesabu kwa vidole. Mifuko minane ilikuwa inatufikisha kwenye mavuno mengine, kwa shida. Minne ilikuwa inatuacha katikati ya mvua, wakati hakuna mtu mwenye kitu cha kukupa.

Na tulikuwa tumeingia miezi ya ukavu. Kwetu, mwezi wa saba ukifika, watu wanachoma pori wapate panya. Hakuna anayeuliza ni pori la nani. Moto unatembea siku nne, siku tano, unapita mashamba, unakwenda zake. Mahindi yangu nilikuwa nimeyapukuchua na kuyaweka kwenye kibanda katikati ya shamba. Nilikuwa nimelima mviringo kuzunguka kibanda, udongo mtupu, upana wa hatua kumi, ndivyo mama yangu alivyonifundisha. Lakini kibanda kina paa la majani, na cheche inaruka. Kila asubuhi nilitoka kutazama kama kuna moshi upande wa mashariki.

Kwa hiyo nilijifunza baiskeli. Tulikuwa tunaiita kinga, kama wote wa Katanga. Ilikuwa kubwa, nyeusi, yenye chuma cha katikati ambacho mwanamke mwenye kikwembe, nguo ya kujifunga kiunoni, hawezi kukivuka. Nilivaa suruali ya mzee, nikafunga kikwembe juu yake mpaka magotini, kitambaa kichwani, nikaenda uwanja wa mpira nyuma ya soko saa ambayo hakuna watu. Saa ile haipo Kikula. Wanawake wa mboga waliniona siku ya kwanza, wakaniita kambo, ndivyo kwetu tunavyomwita mwanamke mzee.

"Kambo, unakimbia muzee wako? Hawezi kukufuata tena, tembea tu kwa miguu."

"Muache. Anaenda kutafuta bwana mwingine Lubumbashi."

"Na ile suruali atamupata."

Nilicheka nao, kisha nikaanguka. Nilianguka wiki mbili. Goti la kushoto mpaka leo linasema mvua ikikaribia. Jioni mzee alikuwa ananiuliza kwa macho, namwonyesha vidonda, na yeye anakusanya maneno polepole: usitazame gurudumu, tazama mbali. Wiki ya tatu nilizunguka uwanja mzima bila kuweka mguu chini. Nilirudi nyumbani nikamwambia, sasa ninajua. Akanitazama sana. Habari ya kurudi na mzigo hakuniambia neno. Nafikiri aliogopa nisiende.

Asubuhi ya kwanza nilifika mahali wanapokutana kukiwa bado na giza. Kapita, msimamizi wa kundi, mtu mfupi mwenye filimbi shingoni, alishika taa yake akanimulika kuanzia viatu.

"Kambo, ni namna gani? Hii si njia ya kwenda msikitini."

"Ninaenda kuchukua mahindi yangu."

"Nani atakuchukulia?"

"Minye mwenyewe."

Walicheka, si kwa ubaya. Kapita akasema: "Bon. Muzee wako alitembea na sisi miaka mingi, siwezi kukufukuza. Lakini hatungoji muntu. Nikipiga filimbi, tunaenda. Aliye tayari, aliye hajawa tayari."

Kushuka ndiko kulikonishinda kwanza. Baiskeli zile hazina breki. Unaondoa ndala mguuni, unakanyaga nayo tairi la mbele, na harufu ya mpira ukiungua inakuambia kama umekanyaga vya kutosha. Sheria yao ni kwamba kati ya mtu na mtu kuwe na nafasi ya nguzo mbili za umeme. Mimi kwa hofu nilimfuata kapita karibu mno mgongoni, nilitaka kuona mtu karibu. Alinipigia kelele bila kugeuka.

"Kambo, juu ya nini unanifuata hivi? Nikianguka utalala juu yangu, na nyumbani niko na bibi mwenye wivu."

Nilikanyaga ndala, nikaachana naye, na kidogo kidogo nikabaki nyuma ya wote. Nilipofika shambani walikuwa wameshapita kwenda kwenye matanuru yao ya makala, mbele kidogo. Nilitoka njiani, nikatembea mpaka kibandani, nikajitwisha mfuko mmoja. Nilipumzika mara nne kabla ya kufika barabarani. Nikiwa bado nafunga kamba, filimbi ikalia, wakaanza kupita. Nilifunga ovyo, nikawafuata.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilijifunza kitu kisicho na kazi. Kurudi hakuna anayepanda. Kutoka bondeni mpaka karibu na Likasi ni mlima, na mtu mwenye mifuko minne ya makala haendeshi, anasukuma. Hata kusukuma peke yake hawezi. Wanakwenda wawili wawili. Wawili wanasukuma baiskeli ya mmoja mpaka juu, wanaiegemeza kwenye mti, wanateremka, wanasukuma ya pili. Kila mtu ana mwenzake, wanamwita mwenzangu wa mlima, na mtu anaweza kukosana na ndugu yake lakini si na huyo. Mzee wangu alikuwa na mwenzake miaka kumi na moja. Sasa huyo alikuwa na mwingine.

Nilisimama chini ya mlima na mfuko wangu mmoja. Nilimwomba mmoja, kijana mwenye mikono kama mashina.

"Kambo, minye nitakusukuma, sawa. Na weye utanisukuma? Tazama hii makala. Ikirudi nyuma itakuponda."

Alisema kweli. Nilisukuma peke yangu. Nilikwenda hatua tano, naweka jiwe nyuma ya gurudumu, hatua tano, jiwe. Wote walinipita mara tatu, wakipanda na wakishuka, wakipanda tena. Nilikuwa nimekaa chini, naongea na Mungu maneno ambayo siyarudii, nilipomsikia mtu anakohoa chini yangu.

Alikuwa mtu wa kumi na tatu wa kundi, yule asiye na mwenzake, kwa sababu hesabu haigawanyiki. Baba wa Kikasai, mrefu, aliyepasua mawe Kakontwe mpaka kifua kikajaa vumbi la chokaa. Alikuwa anabeba mifuko miwili tu ya makala, na watu walikuwa wanasema hata hiyo ni mingi kwake. Alisimama akasubiri kikohozi kipite, akatazama jiwe langu.

"Mama, weye iko na nguvu kidogo. Minye niko na pumzi kidogo. Tuunge."

Tuliunga. Ya kwangu kwanza, halafu ya kwake. Yeye alikuwa anashika usukani na fimbo iliyofungwa pembeni, mimi nasukuma nyuma kwa kichwa na mabega. Akikohoa tunasimama, nami nalala juu ya mzigo usirudi. Tulifika Kikula wenzetu wakiwa wameshauza na kwenda kulala, lakini tulifika. Mfuko mmoja ukaingia nyumbani. Watoto waliupiga mapigo kwa viganja kama ngoma.

Safari ya pili ilikuwa hivyo hivyo, mfuko mmoja, na tuliachwa tena. Njiani siku ile watu wawili walitoka porini wakatutazama. Walimwona baba anakohoa, wakamwona mwanamke mzee, wakaja wakaondoa ndala za baba na panga langu. Hawakuchukua mahindi, labda yalikuwa mazito. Kapita aliposikia, aliniita kando.

"Kambo, mara ya tatu sitaki mambo haya. Shida yako inaanza pale shambani. Sisi tunafunga mizigo, weye uko bado unatembea na mufuko kichwani. Ukikuwa njiani tayari, utapanda pamoja na sisi, mutakuwa wa mwisho lakini tutawaona. Ukikuwa hauko tayari, usikuje tena. Sitaki kwenda kwa muzee wako kumuambia bibi yake amekufa."

Sikulala vizuri siku zile. Mifuko sita bado. Upande wa mashariki moshi ulikuwa unapanda sehemu mbili, halafu tatu. Niliwaza njia zote, nikaona moja tu: mifuko yote niitoe kibandani, niiweke barabarani, ili kila nikifika iwe ni kazi ya kufunga tu.

Safari ya tatu nilishuka kama sijawahi kushuka. Nilikuwa nimeanza kuijua ile baiskeli. Niliondoka mbele, nikaacha ndala mguuni, nikaiacha iende. Nyuma yangu nilisikia mtu anasema, "Huyu kambo atazikwa leo," na mwingine, "Muache, anakimbilia mahindi yake." Nilifika shambani kabla ya wote, na baba wa Kakontwe alikuja nyuma yangu, amekaza uso. Nilimwambia ninachotaka. Akasema sawa. Tulikata mti kwa shoka la kibandani, tukaning'iniza mfuko katikati, yeye mbele mimi nyuma, na tukaihamisha yote sita. Mfuko wa nne alikaa chini akatema kitu kwenye majani, akakifunika na udongo kwa mguu nisione.

Kando ya barabara, mahali pazuri palikuwa chini ya nyaya za umeme. Nyaya zinazotoka Mwadingusha zinapita juu ya ncha ya shamba langu, zinavuma mchana na usiku, na chini yake huwa panafyekwa. Wafyekaji walikuwa wamepita wiki chache kabla. Pori lote lilikuwa na majani yanayofika kifuani, pale peke yake palikuwa wazi. Niliona uwazi. Nikasema moto hauna cha kusimamia hapa. Tulipanga mifuko mitano vizuri juu ya vijiti, tukaifunika na matawi wapitao wasiione, na wa sita nikaufunga kwenye baiskeli, naye baba akaenda kufunga makala yake. Filimbi ilipolia nilikuwa nimesimama barabarani, mikono kwenye usukani. Kapita alipita akanitazama, akapunguza mwendo kidogo.

Siku ile tulipanda pamoja nao. Tulikuwa wa mwisho, lakini waliokuwa wanateremka kuchukua baiskeli zao za pili walikuwa wanatugusa na bega wakipita, "songa kambo," "songa muzee wa chokaa," na mmoja alitusukuma hatua thelathini bila kuulizwa. Tulifika Kikula kabla ya jua kuzama. Nilimwambia mzee: mitano imebaki, na iko barabarani. Alicheka upande mmoja wa mdomo. Ndiyo siku pekee ya mwaka ule niliyokula mpaka nikashiba.

Safari ya nne, tulipofika juu ya mlima, kabla ya kushuka, kapita alisimama. Wote wakasimama. Bonde lilikuwa jeusi upande mmoja, kama mtu amemwaga masizi ya chungu. Mistari midogo ya moshi ilikuwa bado inapanda hapa na pale. Kapita alinitazama, akatoka njiani, akanipisha.

Sikukanyaga ndala. Sijui nilishukaje. Ninachokumbuka ni kwamba kutoka barabarani, kabla sijashuka kwenye baiskeli, niliona shamba langu. Mabua ya njano yaliyokizunguka kibanda yalikuwa yamesimama. Kibanda kilikuwa kimesimama, na paa lake, na mviringo wa udongo nilioulima ukiwa safi, hakuna hata jani moja lililoungua ndani yake. Moto ulikuwa umefika ukingoni, ukakosa cha kula, ukageuka. Ukapita chini ya nyaya. Majani yaliyofyekwa wiki zile hakuna aliyeyaondoa, yalikuwa yamelala pale yamekauka na jua, tabaka juu ya tabaka, na mimi niliweka chakula changu juu yake.

Mifuko ilikuwa imeyeyuka. Mahindi yalikuwa marundo matano meusi, na kwenye rundo moja punje zilikuwa zimepasuka nyeupe kama bisi. Moshi ulikuwa unatoka katikati. Niliingiza mkono, nikachimba, nikaungua, nikachimba. Katikati ya rundo kubwa zilikuwapo punje ambazo zilibadilika rangi tu. Nilizikusanya kwenye kikwembe. Zilijaa meka mbili, zile bakuli tunazopimia unga sokoni.

Baba wa Kakontwe alifika, makala yake yakiwa yamefungwa tayari, akaegemeza baiskeli yake, akachuchumaa karibu yangu. Alinisaidia kuchagua punje. Baada ya muda akasema:

"Ni minye nilikusaidia kuzibeba."

"Ni minye nilikuomba."

"Nilijua ile majani ni mikavu. Niliiona. Nilikuwa nimechoka, nikasema tumalize."

Sikuwa na hasira naye, sikuwa na kitu chochote ndani. Nilikuwa nasikia nyaya zinavuma juu ya kichwa changu tu. Ningewaacha wale wanaume wacheke, ningekubali kutembea na mfuko mmoja kichwani nikiachwa kila safari, mahindi yangekuwa kibandani mpaka leo. Niliyatoa mahali pazima kwa mikono yangu ili nisichelewe.

Filimbi ikalia. Nilipanda baiskeli tupu na kile kifurushi cha kikwembe kwenye usukani, nikawafuata.

Chini ya mlima wakaanza kujipanga wawili wawili. Mimi nilisimama, sikuwa na cha kusukuma. Kapita alikuwa ameshika fimbo ya baiskeli yake, na mwenzake yuko nyuma. Alinitazama muda kidogo.

"Kambo, weye leo uko mwepesi. Kamata hapa katikati."

Niliegemeza baiskeli yangu, nikakamata. Watatu, mzigo ulipanda bila kusimama. Tulipofika juu yule kijana mwenye mikono kama mashina akaniita, "Kambo, na yangu," nikateremka. Halafu wengine. Ya baba wa Kakontwe nilisukuma mwisho, na ya kwangu tupu baada yake. Ukisukuma unatazama chini, hakuna anayeuona uso wako, na nililia mlima mzima tangu mzigo wa kwanza mpaka wa mwisho.

Nyumbani nilimwambia mzee kila kitu, hata majani. Alifumba macho. Zile punje nilizisaga, nikapika bukari, ugali wetu. Ilikuwa ya kijivu na ilinuka moshi, na watoto walikula wakauliza kama ya kesho ipo. Nikawaambia tuna mifuko mitatu. Mkubwa wao, msichana, anajua kuhesabu. Akaanza kumega matonge madogo.

Siku ya tatu niliamka saa ile ile. Niliswali, nikavaa suruali, nikafunga kikwembe. Sikuwa na mahindi ya kuchukua tena. Mahali wanapokutana kapita alimulika kibebeo cha baiskeli yangu, hakuna kamba, hakuna mfuko.

"Kambo, unaenda kutafuta nini?"

"Ninaenda kusukuma. Muntu akitaka, atanipa meka ya bunga. Asipotaka, basi."

Mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba huu sasa ni msaada wa kanisa. Mwingine akamwambia anyamaze. Kapita alizima taa. Alipanda baiskeli yake akaondoka, na wengine wakamfuata mmoja mmoja, nguzo mbili kati ya mtu na mtu. Nilingoja nafasi yangu, nikaweka mguu kwenye pedali.